Wa Nani Huyu? Majina ya Watu na Mitaa Katika Hadithi Zangu

Ukimtajia mtu mzima wa Mombasa jina la mtu asiyemjua, hatakuuliza ana miaka mingapi wala anafanya kazi gani. Atakuuliza, "Wa nani huyo?" Mwambie ni Salim wa Athman, ataendelea: Athman yupi, wa Kuze au wa Kibokoni? Yule aliyeoa Faza? Hatulii mpaka amjue babake, babu yake, na mamake ametoka kwa kina nani. Akishampata ndipo mazungumzo yanaendelea.

Shangazi yangu huzisikiliza hadithi zangu vivyo hivyo, na yeye ndiye msikilizaji wangu wa kwanza. Namsomea usiku baada ya Isha, ameegemea mto, macho ameyafumba. Nikipita kwenye sentensi niliyoihangaikia sana, hashtuki. Linalomfumbua macho ni jina. "Ebu ngoja. Huyo Mwanakombo wako ni wa nani?" Nami sharti niwe na jibu, hata kama jibu lenyewe halimo kwenye hadithi wala halitaingia kamwe.

Kwa sababu yake nimefikia kushika jambo moja ambalo sasa siliachi: jina la mhusika halitolewi na mwandishi. Linatolewa na mtu aliyemo ndani ya hadithi. Kuna mama aliyelichagua, au nyanya aliyeshikilia mpaka likakubaliwa, au baba aliyekuwa baharini akalisikia jina la mwanawe siku ya kurudi, au vijana wa maskani waliolibandika likaganda. Kazi yangu ni kumtafuta huyo aliyelitoa, nijue moyoni alikuwa na nini siku ile. Nisipompata, mhusika hana jina hata kama nimeshaliandika kwenye karatasi.

Sote tuliosoma Kiswahili katika shule za Kenya tumepitia swali la majazi. Unasoma kitabu cha kutahiniwa, unaambiwa ueleze jinsi jina la mhusika linavyoafiki tabia yake, unaeleza, unapata alama zako. Ni mbinu yenye heshima. Shaaban Robert alijenga nchi nzima juu yake: katika Kusadikika, kitabu kilichotoka 1951, mshtakiwa ni Karama na anayemshtaki ni Majivuno, na msomaji anajua mapema asimame upande gani. Ken Walibora naye alimwita mtawala wa Sokomoko Mtemi Nasaba Bora katika Kidagaa Kimemwozea, na mwanafunzi aliyekisoma kitabu hicho shuleni hawezi kulisahau jina lile. Nchi hizo haziko kwenye ramani. Zimeumbwa ili jambo lisemwe, na majina yake yamezaliwa na kazi hiyo.

Mimi naandika juu ya watu wanaongoja feri Likoni jua likiwachoma. Hakuna mama wa Likoni aliyemwita mwanawe Ulafi. Nikimwita hivyo mhusika wangu, nimemnyang'anya mama yake haki ya kumpa jina, na tangu hapo msomaji hatamwogopa wala kumhurumia, maana ameshaambiwa.

Tena angalia jinsi majina yenye maana yalivyojaa kwetu bila ya mwandishi kuongeza lake. Subira, Riziki, Faraja, Tabu, Mashaka, Shida. Lakini Mashaka si mtu mwenye mashaka. Ni mtu ambaye mamake alikuwa na mashaka alipomzaa. Jina linamsema mzazi. Ukimwita mhusika Tabu, umeshajifunga kujua tabu yenyewe ilikuwa ipi. Je, mume aliachishwa kazi bandarini? Mimba iliyotangulia iliharibika? Nyumba ilivunjwa? Tabu mwenyewe huenda ni mwanamke mcheshi, mpenzi wa taarab, hajapata kulala na njaa hata siku moja, na maisha yake yote anaitwa kwa mwaka ambao yeye hakuuona. Hapo pana hadithi, na sikuibuni mimi. Imekuja na jina.

Mchana kazi yangu ni kuandikisha wagonjwa katika zahanati moja upande wa Kisauni, basi majina nayasikia kutwa. Jina kamili la mtu aliyesimama dirishani pangu silichukui kamwe. Hiyo ni amana, na mwandishi anayeivunja hafai kupewa jina lingine. Ninachobaki nacho ni mpangilio. Wanawake waliopita sitini wana majina ambayo siku hizi huyasikii kwa watoto wachanga: Mwanakombo, Mwanamkuu, Mwanaidi, Mwanahamisi, Chausiku, Bimkubwa. Wanaowafuata ni Zuhura, Rukia, Saumu. Watoto wanaoletwa kuchanjwa ni Ilham, Rayyan, Tasneem, Aaliyah. Fatuma na Ali hayana umri, yako kila kizazi, na kwa hiyo hayanisaidii sana ninapotaka msomaji akisie mtu kazaliwa lini bila ya mimi kumwambia. Lakini nikiandika kwamba Mwanaidi amempeleka Rayyan kliniki, sina haja ya kusema nani nyanya na nani mjukuu.

Isipokuwa pale jina linaporuka. Mtoto akizaliwa baada ya nyanya yake kufariki, mara nyingi hupewa jina lake, na siku ya akika, siku ya saba, nywele zinanyolewa na Mwanakombo anarudi nyumbani akiwa na uzito wa kilo tatu na nusu. Sasa tazama shida ya mama mtu. Mkwewe alikuwa Mwanakombo. Hakumwita kwa jina hata siku moja alipokuwa hai. Atawezaje leo kusimama uani na kulipayukia jina lile kwa sababu mtoto amemwaga maji? Hawezi. Kwa hiyo mtoto anaitwa Nyanya, au Mamake, na unasikia mwanamke wa miaka thelathini akimkaripia kiumbe wa miaka miwili: "Nyanya, acha! Nyanya, nitakupiga!" Ukiandika mazungumzo hayo yalivyo, umeshawaeleza watu wote wa nyumba hiyo, walio hai na waliokufa.

Herufi nazo zina kwao. Mombasa na Lamu utamkuta Athman, Zanzibar zaidi ni Othman. Sisi tunaandika Swaleh, wengine Saleh. Shee na Famau ukiyasikia, masikio yako yanaelekea kaskazini, Lamu na visiwa vyake. Makame na Faki yanakupeleka Unguja na Pemba. Nikimwandika mhusika kwamba ni mzaliwa wa Kibokoni, baba na babu wa Kibokoni, kisha nikampa tahajia ya Unguja, nimeshaahidi safari. Msomaji wa huku atangoja nimwambie babu alivuka lini, kwa jahazi au kwa mguu wa ndoa, na ana haki ya kungoja.

Majina ya koo siyagusi isipokuwa kwa sababu kubwa. Pwani hii ukoo ni watu walio hai, wanaosalishana jeneza na kuozana, na mwizi wa hadithi yangu akiwa na jina la ukoo unaojulikana, nimewatukana watu ambao hawakunikosea. Naishia jina la babu. Na kabla ya kukubali majina matatu ya mtu mbaya, namtajia shangazi yakiwa yamefuatana: huyu yupo? Akisema yupo, nabadilisha la kati.

Kuna mzigo mwingine unaotokana na lugha yenyewe, na naona hatuuzungumzii vya kutosha. Kitenzi chetu hakisemi kama mtu ni mume au mke. Andika: "Akamtazama, akamwambia aondoke, akakataa." Nani kamtazama nani? Nani kakataa? Katika chumba chenye watu watatu, jina ndilo linalofanya kazi yote ya kumwonyesha msomaji nani ni nani, na majina yakifanana sauti, chumba kizima kinaingia giza. Hapo majina yetu ya Mwana yanatutesa. Katika nyumba halisi ya Mji wa Kale unaweza kuwakuta Mwanaisha, Mwanajuma na Mwanakombo wakila sinia moja, na hakuna anayechanganyikiwa kwa sababu kila mmoja ana sauti yake na mahali pake mkekani. Kwenye karatasi hawana sauti wala mkeka. Katika riwaya ninayoiandika sasa nimembakisha Mwanakombo peke yake. Dada yake ni Bimkubwa, jirani ni Chausiku, na mwenye duka ni Shee, kwa makusudi, kwa kuwa jina fupi kati ya marefu linasikika hata mtu akisoma haraka.

Mzigo huo huo una upande wake mzuri. Bahati, Riziki, Furaha, Baraka, haya yanabebwa na wanaume na wanawake. Nina hadithi fupi ya karani wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini aitwaye Riziki, na hadithi inakwenda mbali kabla ami yake hajafika kutoka Mtwapa na kumsalimu kama kijana wa kiume. Sikumficha. Sikuandika neno moja la uongo. Msomaji ndiye aliyemvisha buibui, na nilitaka ajiulize kwa nini.

Majina ya utani ni shule peke yake. Jina la kuzaliwa linakuambia mwaka wa kuzaliwa. Jina la maskani linakuambia mwaka wa ujana. Mzee anayeitwa Maradona alikuwa akicheza mpira wa mchangani mwaka 1986 au karibu na hapo. Baba wa watoto wawili anayeitwa Drogba alikuwa kijana Drogba alipokuwa Chelsea. Wale wembamba ni Sindano, warefu ni Mlingoti, na mvuvi aliyerudi na jeraha mguuni ataitwa Papa hata akiishi miaka tisini. Majina haya yanatolewa na watu wenye macho makali kuliko yangu. Ninachojiuliza ni nani hadithini anaruhusiwa kuyatumia. Rafiki atamwita Sindano. Mkewe hatamwita. Mamake atakasirika akilisikia. Askari akija mtaani akimtaja kwa jina la maskani, basi kuna mtu wa mtaani aliyesema naye, na watu wote barazani wananyamaza.

Nirudi kwa Mwanakombo, maana ndiye aliyenifanya niandike haya yote. Alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mamake alimwita Kombo. Alipomzaa mtoto wake wa kwanza, mtaa mzima, pamoja na mumewe, ukamwita Mama Bakari, na jina la Mwanakombo likabaki kwenye kitambulisho na midomoni mwa watu wachache waliomzidi umri. Hiyo ndiyo desturi yetu na hakuna anayeiona ajabu. Kisha Bakari, kijana mkubwa, akatoka na mashua wakati wa kusi, bahari imechafuka, na hakurudi. Mwili haukupatikana.

Asubuhi ya pili majirani wanaingia kumpa pole. Wanamwita nani?

Nilikaa na swali hilo muda mrefu kuliko swali lingine lolote la kitabu hiki. Nilifikiri watu wangegawanyika. Wengine wangeendelea na Mama Bakari kwa sababu ulimi umezoea. Wengine, kwa huruma, wangeliepuka lile jina wasimtoneshe kidonda, wamwite Mama Zuhura, kwa binti yake aliyebaki. Nikamsomea shangazi hivyo. Akafumbua macho, akaketi wima.

"Wamwite Mama Zuhura kwa nini? Kwani mwanawe alipokufa, kuzaa kwake kumefutwa?"

"Wanamhurumia, shangazi."

"Huruma gani hiyo ya kumpokonya mtu mwanawe mara ya pili? Mimi ningekuwa yeye nisingeitika."

Kutokana na maneno yake nikaandika sura ya dukani. Mwanakombo amekwenda kwa Shee kununua sukari, ni mara ya kwanza kutoka nje tangu msiba. Shee, mtu mwema kabisa, anamkaribisha kwa sauti ya upole: "Karibu, Mama Zuhura. Leo robo au nusu?" Mwanakombo ameweka mkono juu ya kaunta, pesa zimo kiganjani, hajibu. Shee anadhani hakusikia, anauliza tena. Hajibu. Mtoto aliyetumwa mkate anapenya, ananunua, anaondoka. Feni inazunguka. Mizani iko tupu. Shee anaanza kupanga upya vibiriti ambavyo vimeshapangwa. Anaelewa pole pole, na ninampa muda wote anaoutaka, kwa sababu mwanamume kama yule hawezi kufika pale kwa haraka. Mwishowe anasema, bila ya kumtazama: "Mama Bakari." Naye anajibu: "Nusu, na majani ya chai." Sura imekwisha. Hakuna anayelia, na sikuandika mahali popote kwamba anahuzunika.

Sura hiyo isingewezekana kama ningemwita mhusika wangu Huzuni.

Sasa mitaa. Katika riwaya nimetumia mitaa ya kweli kila mahali isipokuwa mmoja, na ule mmoja umenichosha kuliko watu wote. Mitaa ya mji huu ilipewa majina na watu waliokuwa wakitembea kwa miguu, wanaoelekezana. Miti imetupa Mwembe Tayari na Mwembe Kuku, na mikinda ikatupa Mikindani. Maji yenye kina, ambayo meli kubwa huingia, yametupa Kilindini. Upande wa bara ya Kisauni, wamisionari wa Kiingereza walianzisha makazi ya watumwa waliokombolewa mnamo 1875, wakayaita Frere Town kwa heshima ya Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyeipinga biashara ya utumwa. Jina lake limo kwenye ramani, na kengele ya makazi yale ndiyo iliyowabaki watu vichwani: ukipanda matatu, unashuka Kengeleni. Huo ndio msimamo wa Mombasa kuhusu majina, na mimi naufuata. Mtaa unaitwa kwa kile ambacho watu walikiona au kukisikia, hata serikali iwe imeandika nini kwenye bango.

Mabango nayo yananisaidia kupima umri wa msemaji. Moi Avenue ilikuwa Kilindini Road. Digo Road ilikuwa Salim Road. Nina mzee mmoja kitabuni ambaye hadi leo anasema Salim Road, na anapomwelekeza kijana njia, kijana anapotea, na ugomvi mdogo unaotokea hapo unaonyesha miaka iliyopita vizuri kuliko tarehe. Kinyume chake, kama hadithi iko mwaka 2005, hakuna mhusika wangu anayeweza kuvuka kwa miguu pale Liwatoni, kwa kuwa daraja lile la kuelea lilifunguliwa mwanzoni mwa 2021. Wasomaji wetu wanapajua vizuri mahali pale. Hawasamehi, na wako sawa.

Majina mengine yameshajaa, hayawezi kubebeshwa zaidi. Mtongwe ni mahali watu wanaishi, wanaoana, wanafuga kuku. Lakini weka Mtongwe na Aprili 1994 katika sentensi moja, na kila mtu wa Mombasa wa umri wangu ameacha kusoma hadithi yako, anakumbuka kivuko kilichozama na watu zaidi ya 270 waliokufa. Mwandishi wa mbali angeweza kumzalisha mhusika wake Mtongwe mwezi huo bila ya kufikiri. Wa hapa hawezi. Akilitumia, awe amekuja kuzungumza na wafiwa.

Mtaa wa kubuni niliuhitaji kwa sababu moja tu. Kitabuni kuna mweka hazina wa msikiti anayekula pesa za ukarabati. Mtaa wenye msikiti mmoja una mweka hazina mmoja, na watu wanamjua, wanamjua na mkewe, na Ijumaa wanasimama naye safu moja. Siwezi kuliweka jambo hilo katika mtaa wa kweli na kujitetea kwamba ni hadithi tu. Basi nimeuchora mtaa ukiteremka kutoka Kuze kuelekea baharini, mahali ambapo hapana nafasi ya kuingiza hata uchochoro, na nimeusukuma ukaingia.

Jina lake ni Kisima Munyu. Lilianza na maji. Hiki ni kisiwa, na visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvi, kwa hiyo nilijua kwamba wazee wa mtaa wangekuwa na kisima wasichoweza kunywa, wanaoshea tu miguu na kuogea. Wasingekiita kwa maneno marefu. Wangesema munyu, kama wasemavyo wazee wetu wa Mvita. Nikalijaribu kwa namna ninayolijaribu kila jina la mahali: nikalisimamisha mlangoni mwa matatu na kumpa makanga alipige kelele. Jina la mtaa ambalo makanga hawezi kulikata na kuliimba si la Mombasa. "Munyu! Munyu! Munyu hamsini, mbili zinabaki!" Likakubali. Nikalijaribu tena kwa bibi anayetoa anwani kwa simu: "Shukia Kisima Munyu, uulize kwa Mama Bakari." Likakubali tena. Kisha nikamuuliza shangazi kama amewahi kusikia mtaa huo. Akafikiri, akaniambia haujui, ila kama upo basi watu wake hawana maji mazuri. Nikaliandika.

Kazi ya majina imekuja kunipa hata yale ambayo sikuyapanga. Zuhura, binti wa Mwanakombo, anaolewa na Mgiriama kutoka upande wa Ganze. Amesilimu, kwa wakweze ni Abdalla, kwao bado ni Karisa. Kabla ya kuandika neno lolote juu ya watu wake nilikwenda kwa rafiki yangu aliyekulia kule. Siandiki majina ya watu nisiowajua kwa kuyaokota mitaani; huo si uungwana. Nikamwambia nina kijana, Karisa Katana, nataka kumzalisha mtoto wa kiume. Hakungoja nimalize.

"Basi mtoto ni Katana. Katana Karisa. Babu anarudi."

"Na mama yake akitaka jina lingine?"

"Atake. Huyo ni Katana."

Nikaondoka kwake nikiwa na ugomvi wa sura tatu ambao haukuwamo kwenye mpango wangu. Mwanakombo amengoja miaka mingi jina la Bakari lirudi nyumbani. Mzee Katana, kule Ganze, amengoja lake. Wote wawili wana haki, kwa desturi ambazo hakuna hata mmoja wao aliyezitunga. Sikulazimika kumfanya yeyote awe mbaya ili pawe na mgogoro.

Shangazi alitoa hukumu bila ya kuchelewa. "Cheti kina nafasi. Waandike yote mawili, kila nyumba iite lake. Watoto wangapi hapa wana jina la nyumbani na la kuandikwa?" Ni kweli, na ndivyo familia hiyo itakavyofanya. Lakini hukumu hiyo inawatosha wao, hainitoshi mimi. Wao wanaita, mimi nasimulia. Kila ninapoandika sentensi juu ya mtoto yule nalazimika kumtaja, na nikimtaja Bakari nimekaa upande wa Mwanakombo, nikimtaja Katana nimehamia Ganze. Hakuna jina la katikati ambalo msimulizi anaweza kujificha chini yake.

Nimeamua hivi. Sura zilizoko Kisima Munyu, msimulizi anamwita Bakari, mfululizo, bila ya kueleza. Sura zilizoko Ganze ni Katana, bila ya kueleza vilevile, na msomaji atajua ni mtoto yule yule kwa kovu dogo la kidevuni. Hospitalini, usiku anaozaliwa, wazee hawajafika, ni mtoto tu. Imebaki sura ya akika, ambapo nyanya na babu wako sebule moja, kila mmoja amenyoosha mikono. Hapo lugha ndiyo iliyonipa njia, ile ile inayonitesa kwingine. Analia, ananyamazishwa, anapokewa, anapakatwa, ananyolewa, anapiga chafya, anapitishwa kwa mwingine. Kurasa nne nzima, na sijamtaja jina.